Masisi: Kwa nini kipimajoto cha mtengeneza jibini hakifiki 100 maji yakichemka

Kwenye vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, maziwa mengi hayafiki Goma yakiwa mabichi. Barabara ni mbovu, vita vimefunga njia mara nyingi, na umeme wa kuyapoza hakuna. Ndiyo maana wafugaji huyageuza jibini, ile fromaji ya mviringo inayojulikana sokoni Goma. Kazi hufanyika juu ya moto wa kuni, na digrii chache tu zinatosha kumpa mlaji ugonjwa.

Wazoefu wa kazi hii hupima kwa mkono, na kwa hatua moja wako sawa. Dawa ya kugandisha hutiwa maziwa yakiwa kati ya digrii 30 na 35, karibu na joto la ngozi yetu, kwa hiyo mkono hausikii moto wala baridi. Lakini kabla ya hapo, ili kuua vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, maziwa yanapaswa kufika digrii 63 na kukaa hapo dakika 30. Hapo mkono hausaidii tena. Kwa 55 unaungua, kwa 63 unaungua vilevile.

Kipimajoto cha homa kisiingie kwenye sufuria: kinaishia 42, na joto likizidi hupasuka. Cha kioo chenye zebaki kikivunjika, maziwa yote ni ya kumwaga. Afadhali chenye fimbo ndefu ya inoksi, kinachosoma zaidi ya 100. Ncha ikigusa chini inapima moto, ikibaki juu inapima povu. Koroga, izamishe hadi katikati, subiri namba itulie. Penye mtambo wa bomba la maji moto, kifaa huchomekwa ndani ya kifuko cha chuma kinachofika katikati ya bomba. Kukifunga nje kwa waya ni kujidanganya, maana kitasoma pia baridi ya asubuhi ya Masisi.

Kosa baya zaidi ni la mtu makini. Amenunua kipimajoto, anataka kukihakiki, anakitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa 100. Chake kinasoma 93, naye anaamua kwamba kinapunguza saba. Kuanzia siku hiyo anajumlisha saba kila anapopima. Kikisoma 56 anasema 63 imefika, anaanza kuhesabu dakika zake, na vijidudu vinabaki hai.

Kipimajoto hakikuwa na kosa. Ile 100 ni ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa digrii moja chini zaidi. Goma, kwenye mita 1,500, ni karibu 95. Kwenye malisho ya Masisi yaliyo mita 2,000 ni karibu 93. Ukiteremka msituni hadi Walikale, kifaa hichohicho kitasoma 97 au 98, bila mtu kukigusa.

Barafu inayoyeyuka haifuati milima: ni 0 Goma, 0 Masisi, 0 Walikale. Kwa kuwa vijijini haipatikani, anayenunua kipimajoto Goma akijaribu hukohuko, ndani ya kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo, kabla ya kupanda gari.