USAWA KATIKA MATIBABU YA WATOTO HOSPITALINI

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa kila mtoto haki ya matibabu bila ya ubaguzi. Hospitalini, haki hiyo huanzia mlangoni.

Usawa hauna maana ya kufuata foleni tu. Mtoto mahututi aliyechelewa kufika kwa sababu wazazi wake walikosa nauli, huweza kufariki akiwa nyuma ya wenye mafua. Kwa hiyo, Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto akaguliwe mara tu anapofika. Anayepumua kwa shida kubwa, aliyepoteza fahamu, mwenye degedege, au aliyeishiwa maji kabisa kwa kuharisha, hutibiwa papo hapo. Mchanga wa chini ya miezi 2 na mwenye utapiamlo mkali hutangulizwa.

Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, utaratibu huo ulianzishwa mwaka 2001. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8.

Mafunzo haya si ya madaktari na wauguzi pekee. Karani na mlinzi, ambao ndio wa mwanzo kumwona mtoto, nao wanapaswa kuzitambua dalili hizo, na kumpokea kwa heshima mtoto mwenye ulemavu na mzazi asiyejua kusoma.

Mzazi akiona mtoto aliyekuja nyuma yake anatangulizwa, asidhani kuwa ni upendeleo. Kesho huenda akawa ni wake.