Jua Ndilo Adui wa Buti za Mpira

Mvua ikinyesha usiku kucha juu ya Bunia, asubuhi njia za Mudzipela na Nyakasanza hugeuka tope zito jekundu, na hapo ndipo kila baba wa nyumba huzitafuta buti zake za mpira. Mkulima huenda nazo shambani, mchimbaji wa dhahabu kule Mongbwalu husimama nazo majini kutwa, na mwenye pikipiki huzivaa asije akafika kwa abiria wake miguu imelowa. Lakini jozi iliyonunuliwa kwa fedha ya mavuno ya mwaka huu mara nyingi haiyaoni mavuno ya mwaka ujao. Imechanika pale inapokunjika juu ya vidole, au kisigino kimefunua mdomo. Mwenyewe humlaumu mwuzaji, naye mwuzaji humlaumu mtengenezaji. Pengine wote wawili wana haki kidogo, maana bidhaa hafifu zipo. Walakini buti nyingi hazikuuawa na kazi wala na kiwanda. Ziliuawa uani, juu ya ukuta, zilipoanikwa juani kila siku.

Buti iliyotoboka si hasara ya fedha tu. Minyoo ya safura hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, nayo huingia mwilini kwa kuipenya ngozi ya mguu, kisha hunyonya damu tumboni hata mtu akawa dhaifu asiweze kulima. Tena nyoka akimwuma mtu majanini, mara nyingi huuma mguu. Mtu aliyevaa buti yenye ufa hudhani kwamba amejikinga, kumbe tope na maji yamekwisha kuingia.

Yafaa kwanza tujue tunatunza kitu gani, maana neno mpira katika lugha yetu limebeba mizigo mingi. Buti nyingi zinazouzwa sokoni leo ni za plastiki, ingawa sote twaziita za mpira. Zishike mkononi na kuzikunja: mpira wa kweli ni laini, hurudi upesi katika umbo lake, na una harufu yake, plastiki ni ngumu zaidi, hasa asubuhi ya baridi. Maneno yafuatayo yahusu hasa mpira wa kweli, ule utokao katika utomvu mweupe wa mti, ingawa plastiki nayo haipendi moto.

Utomvu huo peke yake haufai kitu kwa viatu. Hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, alivumbua kwamba ukichanganywa na salfa na kutiwa katika moto mkali, nyuzi zake ndogo hufungamana kama wavu, na hapo mpira hunyumbuka bila kunata. Siri yote ya kuutunza imo katika wavu huo. Mwanga wa jua, joto na hewa huzikata nyuzi zake polepole. Zaidi ya hayo, hewani mna kitu kiitwacho ozoni, ambacho huushambulia mpira mahali pale hasa ulipovutwa au kukunjwa. Ndiyo sababu ufa huanzia kwenye kunjo. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, tena karibu na Ikweta. Jua la hapa ni kali kuliko mtu anavyodhani anaposikia ubaridi wa upepo.

Wazee wetu waliujua mpira kwa njia chungu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kujazwa hewa, na mara nchi za Ulaya zikautaka mpira kwa wingi. Katika Kongo ya mfalme Leopold II, iliyodumu tangu 1885 mpaka 1908, watu walilazimishwa kuingia msituni kuukamua utomvu wa mitambaazi, na aliyeleta pungufu alipigwa, alifungwa, au aliona jamaa zake wakishikwa mateka, wengi waliuawa. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia pamoja na mashamba yake ya mpira, watu wa Kongo waliamriwa tena kwenda msituni. Siku hizi mpira mwingi wa mti hutoka Thailand na Indonesia, na katika Afrika nchi ya Ivory Coast ndiyo inayoongoza. Kitu kilichogharimu hivyo hakistahili kutupwa kwa uzembe.

Basi, turudi uani. Buti zikitoka topeni, zioshwe siku ileile, tope lingali bichi, kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kawaida. Tumia kitambaa au brashi laini. Msitumie mchanga wala waya wa kusugulia sufuria. Watengenezaji wengi hutia nta ndani ya mpira, nayo hupanda juu polepole na kuukinga na ozoni. Ule ukungu mweupe unaoonekana juu ya buti mpya si kuvu, wala si dalili ya ubovu. Aghalabu ni nta hiyo au salfa. Aisuguaye kwa nguvu ili buti ing'ae huivua nguo yake.

Mafuta ni adui wa pili. Petroli, mazutu, grisi, hata mawese, huingia ndani ya mpira na kuuvimbisha, kisha huulegeza. Wako watu wanaopaka buti mafuta ya kupikia zipate kung'aa kwa siku ya sokoni. Wanang'arisha kaburi lake. Dereva aliyemwagiwa petroli mguuni na aioshe kwa sabuni mara moja, asingoje jioni.

Dawa ya klorini nayo hukausha mpira na kuuzeesha, lakini hapa sharti tuwe na akili. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikaenea hata Ituri, na kwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuwaua watu 2,287, buti za wauguzi zilinyunyiziwa klorini kila zilipotoka kwa mgonjwa. Ilikuwa lazima; jozi ya buti si kitu mbele ya uhai. Pasipo ugonjwa wa namna hiyo, sabuni yatosha. Na panapo haja ya klorini, iacheni ifanye kazi yake kwa muda ulioagizwa, ndipo muisuuze kwa maji safi.

Kuanika ndiko wengi hukosea. Watu hukimbilia jua au jiko, na mama akipika jioni huona buti za mumewe zimeegemea mafiga kama paka. Ziondoeni. Geuzeni midomo yake chini, juu ya vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini mahali penye kivuli na upepo, chini ya upenu kwa mfano. Ndani jazeni magazeti makuukuu, muyabadilishe yakilowa. Unyevu wa ndani ndio huleta kuvu za vidoleni na harufu inayowafukuza wageni. Huko Ulaya watu hununua mikeka ya mpira wa mti kwa mazoezi ya viungo, kwa bei kubwa, nao hufundishwa mambo haya haya: sabuni kidogo, kivuli, na kuuviringisha bila kuukunja.

Wakati wa kiangazi, buti zisipotumika, zisimame wima mahali pa giza, shingo isikunjike, mbali na dumu la mafuta. Msiziweke pamoja na nyaya za shaba, kwa maana shaba huuozesha mpira. Na kabla ya kuzivaa tena, zikung'uteni; nge hupenda nyumba ya namna hiyo.

Tundu dogo likitokea, fundi wa baiskeli aweza kuliziba kama anavyoziba mpira wa gurudumu: huparuza mahali pakavu, hupaka gundi pande zote mbili, hungoja ipoteze umaji, ndipo hukandamiza kiraka kwa nguvu. Kwenye kunjo la vidole kiraka hakidumu sana. Buti ikishindwa kabisa, kata shingo yake; vipande vyake ni bawaba nzuri za mlango wa banda la sungura.