Miti mitano iliyokauka Kamukunji

Wikendi ikifika, kumbi za hoteli za katikati ya Nairobi hujaa wahamasishaji na wateja wao. Mifano yao ni ileile: Edison na balbu zake, Lincoln na chaguzi alizoshindwa, Jack Ma aliyenyimwa kazi KFC. Watu huandika, hupiga makofi, hurudi nyumbani wakiamini kwamba kila pigo ni ngazi ya kupandia. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Bustani ya Uhuru, na maisha ya mwanamke aliyeiokoa yanaivuruga kabisa hesabu hiyo.

Profesa Wangari Maathai tunamkumbuka kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Tunayoyasahau ni yale yaliyomwendea mrama, nayo si machache.

Mumewe aliwania ubunge wa Lang'ata mwaka 1974 akiwaahidi wapiga kura kazi. Wangari akaichukua ahadi ile kwa uzito kuliko kawaida ya siasa zetu. Alianzisha kampuni aliyoiita Envirocare, nia yake ikiwa maskini walipwe kupanda miti na kutunza bustani za matajiri. Wenye nyumba walitaka kazi kwanza, malipo baadaye. Wafanyakazi nao hawakuwa hata na nauli ya kufika kazini, na pengo hilo akaliziba kwa pesa zake. Kitalu chake kilikuwa katika msitu wa Karura. Mwaka 1975 alipeleka miche kwenye maonyesho makubwa ya Nairobi, ikasifiwa, lakini wanunuzi hawakuonekana. Mwaka uliofuata alisafiri kwenda mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Vancouver, na aliporudi akakuta miche imekauka. Kampuni ikafa.

Tarehe 5 Juni 1977 akajaribu tena, safari hii chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake. Msafara ulitoka jumba la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, ikapandwa miti saba kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali, akiwamo Mekatilili wa Menza. Hotuba zikatolewa, watu wakatawanyika. Kati ya ile saba, mitano ilikufa.

Hapa ndipo penye somo, nalo si la ujasiri bali la maji. Mti uliopandwa na umati hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe haumwagiliwi. Juhudi hizo ndizo zilizozaa Vuguvugu la Green Belt, na lilipokua, kazi ilihamia kwa wanawake wa vijijini, waliokusanya mbegu za miti ya kwao na kuziotesha hata katika vyungu vilivyovunjika. Walilipwa senti chache kwa kila mche, lakini si kwa kuupanda: walilipwa ukishashika ardhini. Sharti hilo dogo ndilo lililozaa zaidi ya miti milioni 30 kufikia wakati wa Nobel.

Kuna kushindwa kwa aina nyingine, ambako hakufunzi kitu, na wahamasishaji hawapendi kukugusa. Mwaka 1982 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akaenguliwa kwa madai kwamba hajajiandikisha kama mpiga kura. Alipotaka kurudi kazini, nafasi yake ilikuwa imeshajazwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971. Alijifunza nini pale? Kwamba serikali ilikuwa na mkono mrefu, jambo ambalo kila Mkenya wa enzi ile alilijua bila kupoteza kazi.

Mwaka 1989 alikwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Bustani ya Uhuru. Kesi ikatupwa, lakini makelele yake yaliwatia hofu wafadhili na mradi ukafa. Nadhani ndiyo kesi tamu kuliko zote zilizowahi kushindwa Nairobi.

Mwaka 1997 akagombea urais. Siku chache kabla ya kura ukavumishwa uzushi kwamba amejitoa. Alipata kura 4,246 nchi nzima. Miaka mitano baadaye jimbo la Tetu likampa ubunge kwa asilimia 98. Msimulizi wa hadithi za ngazi angekomea hapo, au Oslo alikopokea Nobel. Lakini mwaka 2007, akiwa na Nobel yake, alishindwa katika mchujo wa chama cha PNU, akagombea kwa tiketi ya chama kidogo, akaangushwa na Tetu ileile.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Ukishapita Westlands na Kangemi unafika Upper Kabete, na ndani ya taasisi yenye jina lake ndimo yalimozikwa majivu yake. Taasisi hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kilekile kilichomfungia mlango.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko tukapande. Ukiitwa tena kubeba jembe na kupigwa picha na mche, usiulize itapandwa mingapi. Uliza nani atakuja na maji kiangazi kikianza, na atalipwa na nani.