Ayub Kalule, Bingwa wa Ngumi Aliyetoka Kampala Akastawi Denmark

 Leo hatutasema habari za mbegu wala za mbolea. Twapenda kuwaeleza kazi ya mpiga ngumi mmoja, tangu alipoianza hata alipoiacha.

Sababu ya kuyachagua mazungumzo haya ni maswali ya wanafunzi. Walikuwa wakisoma habari za mabingwa wa ngumi za kulipwa wa Denmark, nchi ndogo iliyo kaskazini ya Ulaya, wakakuta humo jina la Ayub Kalule. Mmoja akauliza, "Mwalimu, jina hili si la huku kwetu? Alifikaje huko?" Wa pili, kijana mwenye mabega mapana, akauliza swali lililo zito zaidi: "Je, nami nikiacha shule nikashika ngumi, nitafika?" Tukaona kwamba maswali yote mawili yafaa kujibiwa, na ya kuwa jibu la pili limo ndani ya lile la kwanza.

Ayub Kalule ni mtu wa Uganda, aliyezaliwa Kampala mwaka 1954. Msidhani ya kuwa aliutoa mchezo huu hewani. Uganda ilikuwa na mizizi mirefu ya ngumi. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, Eridadi Mukwanga alipata nishani ya fedha na Leo Rwabwogo akapata ya shaba. Na mwaka 1972, huko Munich, Rwabwogo akapata ya fedha. Hata sisi wa Tanzania hatukuwa nyuma sana, kwa maana mwaka 1970 Titus Simba alipata nishani ya fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh. Basi kijana Kalule alikua mahali ambapo palikuwa na walimu wa mchezo, wapinzani wa kujipimia nao, na wakubwa wa kuigwa. Mti hauoti pasipo udongo.

Mwaka 1974 ndio uliomtangaza. Mwanzoni mwa mwaka huo, katika michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, alipata nishani ya dhahabu katika uzito wa kilo 60. Baadaye, mwezi wa Agosti, yakafanywa Havana, Cuba, mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa. Kalule akapanda uzito kidogo, akapata dhahabu tena. Alikuwa na umri wa miaka ishirini tu.

Hapa yafaa tueleze tofauti ya ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, kwa kuwa wengi huzichanganya. Mpiga ngumi wa ridhaa hushindana kwa ajili ya nchi yake au chama chake, naye thawabu yake ni nishani na heshima. Siku zile pambano lake lilikuwa la raundi tatu tu, kila raundi dakika tatu. Mpiga ngumi wa kulipwa afanya kazi kama fundi: hutia sahihi mkataba, hupokea ujira, na huwa na msimamizi wa kumtafutia mapambano. Zamani zile pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa raundi kumi na tano. Kila raundi ilikuwa dakika tatu, na kati ya raundi na raundi dakika moja ya kupumzika. Hesabuni wenyewe: dakika arobaini na tano za kupigana, na dakika kumi na nne za kupumua. Ni karibu saa nzima.

Ninyi mnaoishi milimani mtalielewa jambo hili upesi kwa mfano wa ndiva. Wazee wetu walijenga ndiva ili maji ya kijito yakusanyike usiku, na asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Mtu akifungua kwa pupa, maji yote hukimbilia shamba la kwanza, na mashamba ya chini hubaki makavu. Nguvu za mpiga ngumi ni vivyo hivyo. Anayemwaga nguvu zake zote katika raundi tatu za mwanzo atakuwa mkavu katika raundi ya kumi. Kwa hiyo bingwa wa ridhaa hapati ubingwa wa kulipwa kwa kuvua fulana tu. Hana budi kujifunza upya namna ya kuzigawa nguvu zake.

Mwaka 1976 Kalule alikwenda Denmark akaanza kazi ya kulipwa chini ya Mogens Palle, mwandaaji mashuhuri wa mapambano katika nchi hiyo. Mtu ataweza kuuliza, kwa nini Denmark? Katika nchi za kaskazini ya Ulaya si kila serikali iliyopenda mchezo huu. Sweden ilipiga marufuku ngumi za kulipwa tangu mwaka 1970, na Norway ikafuata mwaka 1981. Nchi hizo mbili hazikuruhusu tena mpaka miaka mingi baadaye. Denmark ilizikubali. Hivyo palikuwa na waandaaji, kumbi, na watu wengi waliopenda kutazama. Waliokosa ni mpiganaji wa kuwajaza watazamaji furaha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kalule alikuwa na jambo moja lililowasumbua wapinzani wake: alipigana kwa shoto. Wapiganaji walio wengi hutanguliza mguu wa kushoto na mkono wa kushoto, na mkono wa kulia wenye nguvu hubaki nyuma. Mwenye shoto hufanya kinyume. Ngumi zake huja kutoka upande usiozoeleka, na mpinzani hujikuta akimkanyaga mguu au kuikosa shabaha. Tena Kalule hakuchoka upesi. Alimfuata mpinzani raundi baada ya raundi, bila haraka na bila kupumzika.

Mwaka 1978, huko Copenhagen, alimshinda Al Korovou akatwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola wa uzito wa kati. Ndipo ikaja nafasi kubwa. Tarehe 24 Oktoba 1979 alisafiri hadi mji wa Akita, Japani, kupambana na Masashi Kudo, bingwa wa dunia wa chama cha WBA katika uzito usiozidi kilo 70 hivi. Kudo alikuwa nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Walipigana raundi zote kumi na tano, na waamuzi wote wakampa Kalule ushindi. Hivyo akawa Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Mwaka ule ule Uganda ilikuwa imetoka katika vita na utawala wa Idi Amin ulikuwa umeanguka. Twaweza kufikiri jinsi habari njema kama ile ilivyopokewa na watu waliokuwa na habari chache za kufurahia.

Kati ya Desemba 1979 na Septemba 1980 alitetea ubingwa wake mara nne, zote katika Denmark, akashinda zote. Kufikia hapo alikuwa hajashindwa hata mara moja tangu aanze kulipwa.

Sasa tumefika mahali ambapo hadithi nyingi za mabingwa hukatizwa, kana kwamba yaliyofuata ni aibu. Sisi twaona kwamba mafunzo yenyewe yaanzia hapa.

Tarehe 25 Juni 1981, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, Kalule alikutana na Sugar Ray Leonard. Leonard alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa chini yake, akapanda ili kuutafuta mkanda wa Kalule. Tazameni jinsi njia zao zilivyokaribiana. Mwaka 1974 Kalule alipata dhahabu ya dunia ya ridhaa katika uzito wa kilo 63 na nusu. Mwaka 1976 Leonard alipata dhahabu ya Olimpiki ya Montreal katika uzito huo huo. Uganda, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika hazikushiriki Montreal, kwa sababu New Zealand ilikubaliwa kuingia ijapokuwa timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Na Kalule mwenyewe alikuwa ameshaanza kulipwa. Hivyo watu hawa wawili walikutana baada ya miaka mitano, na safari hii kwa mikanda na fedha. Pambano lilikuwa kali. Katika raundi ya tisa Leonard alimwangusha. Kalule aliinuka, lakini mwamuzi akalisimamisha pambano.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Mwezi wa Julai 1982, huko Atlantic City, alijaribu kuurudisha mkanda kwa Davey Moore, akashindwa katika raundi ya kumi. Mwezi wa Novemba, katika mji huo huo, akashindwa na Mike McCallum wa Jamaika, mtu ambaye mwaka 1984 alikuja kuwa bingwa wa dunia. Watu wengi walidhani kwamba habari za Kalule zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Alirudi Denmark, akaanza kupanda tena kidogo kidogo, kama mtu aliyeteremka kutoka Usangi mpaka Mwanga kisha akakumbuka kwamba shamba lake liko juu. Mwaka 1985 alimshinda Mfaransa Pierre Joly akatwaa ubingwa wa Ulaya wa uzito wa kati. Mwezi wa Desemba mwaka ule alikwenda Ancona, Italia, kuutetea mbele ya Sumbu Kalambay. Nanyi mtapenda kujua kwamba huyu Kalambay alizaliwa Lubumbashi, Kongo, akafanya Italia kuwa makao yake. Kwa hiyo ubingwa wa Ulaya ulishindaniwa na wana wawili wa Afrika, mmoja wa Kampala na mmoja wa Lubumbashi! Kalule alishinda kwa pointi. Thamani ya ushindi ule ilionekana baadaye, kwani mwaka 1987 Kalambay alikuwa bingwa wa dunia.

Mwezi wa Februari 1986, mjini Sheffield, Uingereza, Herol Graham alimshinda Kalule katika raundi ya kumi. Hapo akavua glavu asizivae tena. Hesabu ya kazi yake ni hii: mapambano 50, kushinda 46, kushindwa 4.

Kuvua glavu si jambo dogo, nasi twaona ya kuwa ni sehemu ya ushujaa. Mchezo huu unaua. Mwezi wa Novemba 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini alifariki baada ya kupigwa katika raundi ya kumi na nne huko Las Vegas. Kwa ajili ya msiba ule mapambano ya ubingwa wa dunia yalipunguzwa, kwanza na chama kimoja kisha na vingine, yakawa raundi kumi na mbili. Hata hivyo hatari haikuondoka. Robert Wangila wa Kenya, aliyeipatia nchi yake dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 huko Seoul, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano katika mji huo huo wa Las Vegas. Kichwa cha mtu hakikuumbwa kuwa ngoma. Mwenye kujua wakati wa kuacha ameshinda pambano ambalo halina mkanda.

Basi turudi kwa yule kijana wetu. Hatumkatazi kujifunza ngumi. Mchezo huu hufundisha nidhamu, kula vizuri, kulala mapema na kuepuka ulevi. Lakini asiache shule kwa ajili yake. Kalule alikwenda katika nchi ngeni ambako mambo yote yalitengenezwa kwa mikataba, na mtu asiyejua kusoma anachotia sahihi huwapigia wengine ngumi huku fedha zikienda mifukoni mwao. Tena ni wengi waliovaa glavu pamoja naye, na ni wachache majina yao yaliyofika mbali.

Lakini ikiwa kijana huyo ataka kumwiga Kalule, asiangalie Akita peke yake. Aangalie miaka ile mitatu kati ya kushindwa Atlantic City na kuupata ubingwa wa Ulaya. Kushinda mtu anapokuwa hajawahi kuanguka ni jambo jema. Kurudi kazini kesho yake baada ya kuanguka mbele ya dunia nzima ni jambo jema zaidi, nalo laweza kufanywa na mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, na mkulima aliyekosa mvua, bila kumpiga mtu ngumi. Asiyekubali kushindwa si mshindani.