Usiache ghafla dawa ya presha

Wapo wagonjwa wa shinikizo la damu ambao wakijiona wana nafuu huacha dawa wenyewe, hasa Ramadhani inapoingia. Kwa baadhi ya dawa hatari yake ni kubwa kuliko wanavyodhani, kwani dawa hizi huingilia homoni na mishipa ya fahamu inayoendesha mwili mzima.

Figo zinapohisi damu imepungua nguvu, hutoa kitu kiitwacho renini. Hicho huanzisha mlolongo unaozalisha homoni ya angiotensini, ambayo hubana mishipa ya damu na kuziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozuia chumvi na maji yasitoke kwenye mkojo. Presha hupanda. Captopril na enalapril huukata mlolongo huo katikati, na losartan huizuia angiotensini isifanye kazi yake. Kikohozi kikavu kisichokoma kwa anayetumia captopril au enalapril huenda kinatokana na dawa yenyewe, basi mweleze daktari akubadilishie. Mama mjamzito asitumie hata moja kati ya hizi tatu, maana huweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Methyldopa, inayofanya kazi kwenye ubongo, ndiyo iliyotumika kwa wajawazito miaka mingi.

Sasa tuje kwenye adrenalini, ile inayokufanya moyo uende mbio ukishtuka. Propranolol na atenolol huziba milango inayoipokea kwenye moyo. Dawa ikitumika muda mrefu, moyo huongeza milango mingine. Ukiacha ghafla, adrenalini huikuta yote iko wazi: mapigo huenda mbio, presha hupanda, na mwenye maradhi ya moyo anaweza kupata shambulio. Ndiyo maana daktari huipunguza kidogo kidogo.

Mwenye kisukari ana jambo la ziada. Sukari ikishuka, kwa kawaida mwili humwonya kwa kutetemeka na moyo kwenda mbio. Dawa hizi huzificha dalili hizo, lakini jasho hubaki. Basi aliyefunga akitokwa jasho jingi pasipo sababu, apime sukari mara moja, na ikiwa imeshuka afuturu. Ruhusa ya mgonjwa ipo, wala si udhaifu wa imani.

Aidha, wapo wanaopata kizunguzungu wakiinuka kutoka sijda. Kwa kawaida mishipa ya fahamu ya shingoni huhisi presha imeshuka na kuurekebisha mwili papo hapo, ila baadhi ya dawa huchelewesha marekebisho hayo. Inuka taratibu, na ikizidi, swali umekaa mpaka uonane na daktari.

Nenda hospitali wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, ukiwa na pakiti zako zote mkononi. Captopril kwa kawaida humezwa mara mbili au tatu kwa siku, lakini zipo dawa za mara moja tu, ambazo daktari anaweza kukupangia wakati wa futari au daku.