Kata Ina Watoto Wangapi? Sensa Katika Hesabu za Chanjo

Zahanati inapotangaza kuwa imechanja asilimia 108 ya watoto wanaostahili chanjo ya surua, yafaa kuhoji kabla ya kupongeza. Hakuna kata yenye watoto zaidi ya wote. Mara nyingi kasoro haimo katika daftari la chanjo, bali katika asili ya sehemu, yaani idadi ya watoto wanaokadiriwa kuishi katika eneo hilo.

Makadirio hayo huanzia kwenye sensa. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 44,928,923. Ongezeko hilo ni wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka, lakini wastani wa taifa hausemi habari za kila kata. Pembezoni mwa miji watu huongezeka upesi kuliko hapo, na vipo vijiji ambavyo vijana wake huhama.

Chukua mfano wa zahanati iliyopangiwa kuchanja watoto 500, nayo ikachanja 540. Kwenye karatasi imevuka lengo. Iwapo watoto halisi ni 640, kiwango chake ni takribani asilimia 84, na watoto 100 hawana kinga. Surua huambukiza mno, hata kinga ya jamii huhitaji takribani asilimia 95 ya watu wawe wamekingwa. Mlipuko ukitokea katika kata kama hiyo, ripoti haitakuwa imeuonya mtu yeyote. Tena, baadhi ya hao 540 huenda walitoka kata jirani. Kwa hiyo makazi ya mtoto yaandikwe daima, jambo ambalo foleni ndefu ya asubuhi hulisahaulisha.

Ripoti za sensa hupatikana katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mhudumu atafute kwanza jedwali la idadi ya watu kwa kata, au shehia kwa upande wa Zanzibar, kisha jedwali la umri na jinsi. Pale umri usipoonyeshwa hadi ngazi ya kata, sehemu ya watoto katika wilaya huzidishwa kwa idadi ya watu wa kata. Ahakikishe pia kuwa mipaka ya kata haijabadilika tangu sensa, na idadi iongezwe kwa kila mwaka uliopita: kata ya watu 20,000, ikikua kwa asilimia 3.2, hufikia karibu 22,000 baada ya miaka mitatu.

Wagonjwa wengine huhofu kwamba majibu yao kwa karani wa sensa yaweza kumfikia jirani au mwajiri. Sheria ya Takwimu hukataza kutoa taarifa za mtu mmojammoja. Kinachochapishwa ni jumla.

Mwenye shaka na lengo la zahanati yake aanze na kitongoji kimoja, akilinganisha orodha ya kaya aliyonayo mwenyekiti na kadi za kliniki za watoto, nyumba kwa nyumba.