Bahari iko mbali, lakini mvua ya sezoni A inaanzia kule

Ndugu wanakoperative, kila mwaka mwezi wa nane ulizo ni ile ile: mbegu tuweke wapi, bondeni ao ku mulima? Ukikosea, mbegu yote inaoza ao inakauka. Alama moja iko ku bahari, na inaonekana mbele ya mvua.

Katika Bahari ya Pasifiki, kila miaka 2 mpaka 7, maji ya kati na ya mashariki yanapata joto kupita kawaida. Ile ndiyo El Niño. Yakipoa kupita kawaida, ni La Niña. Lakini Bahari ya Hindi iko karibu nasi zaidi. Maji ya upande wa Somalia, Kenya na Tanzania yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvuke unapanda mwingi na mvua inaongezeka Afrika ya Mashariki, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Upande huu ukipoa, mvua inapunguka.

Mwaka 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa sana, na mvua ikazidi. Mvua zilipoendelea, Ziwa Tanganyika likapanda: mwaka 2020 na 2021 maji yaliingia katika nyumba na mashamba ya kando, Uvira na Bujumbura. Kisha La Niña ikakaa miaka tatu, na kule Somalia, Kenya na Ethiopia mvua ikakosa misimu tano mfululizo.

Kwetu Kivu ukame haukufika vile. Juu ya nini? Mvua yetu inatoka pia ku pori kubwa la Congo, na milima inaikamata. Kwa hiyo alama ya bahari haina nguvu hapa kama pwani, na kwa sezoni B inapunguka tena.

Kila mwaka, karibu na mwisho wa mwezi wa nane, kituo cha ICPAC cha Nairobi kinatoa utabiri unaogusa majirani wetu Rwanda na Burundi. Wakisema "mvua nyingi, 50 kwa 100", haiko ahadi: nusu ingine ingali inaweza kuwa ya kawaida ao kidogo.

Basi tufanye hivi:

- Utabiri ukielekea mvua nyingi: tuchimbe mifereji mapema, maharagi tuyapande ku mulima kwenye matuta.
- Ukielekea mvua kidogo: tuongeze mihogo na viazi vitamu, tuchague maharagi ya kukomaa haraka, tufunike udongo na majani.
- Kila mwaka: tusipande ku mvua ya kwanza. Tuchimbe kwanza, udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja, tupande nusu ya mbegu. Nusu ingine tungoje wiki mbili.

Kila koperative ichague mtu mmoja wa kufuata utabiri na kuuleta ku mkutano, mbele ya kugawa mbegu.